Kabla Hujachapa Lebo: Barkodi kwa Mkamuaji wa Alizeti wa Unyambwa

Mkamuaji wa alizeti wa Unyambwa anayeuza mafuta kando ya barabara haulizwi mambo mengi. Mteja anateremka kwenye gari, anainua dumu la lita tano juani kuona kama mafuta yametulia, anafungua kifuniko na kunusa, wanapatana bei, kila mmoja anashika njia yake. Lakini siku atakapobeba katoni zake kwenda kwenye duka la kujihudumia la Singida mjini, Dodoma au Dar es Salaam, ataulizwa swali ambalo halihusu ladha wala harufu: "Mna barkodi?" Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wengine wanauziwa kitu wasichokihitaji, na wengine wanapewa namba ya mtu mwingine bila kujua.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mkamuaji huyo, na kwa vikundi vya kina mama wanaofungasha asali, karanga, unga wa lishe na sabuni katika kata ya Unyambwa na kata jirani za Manispaa ya Singida. Ninalotaka lieleweke ni moja: barkodi ziko za aina nyingi, na kila aina ina msomaji wake. Ukishajua atakayeisoma ni nani, yaani keshia, mtunza ghala, mfamasia, ofisa wa kodi au mteja mwenye simu, utajua uchukue ipi, uilipie au usiilipie, na uiweke upande gani wa chupa.

Tuanze na ile ya kaunta, kwa kuwa ndiyo inayofungua au kufunga mlango wa duka. Ina mistari myeusi iliyosimama, mingine minene mingine myembamba, na chini yake tarakimu 13. Wataalamu huiita EAN-13. Ndani ya mistari hiyo hamna kitu kingine zaidi ya tarakimu hizo 13. Bei haimo. Tarehe ya kuisha muda haimo. Jina lako halimo, wala kijiji chako, wala kwamba mafuta yamechujwa mara mbili. Skana inasoma namba tu, kisha kompyuta ya duka inatafuta kwenye orodha yake: namba hii ni bidhaa gani, na leo tunaiuza shilingi ngapi? Ni kama namba ya gari, ambayo inamtambulisha mwenye gari pale inaposajiliwa, lakini haisemi kama breki ni nzima. Ndiyo maana duka linaweza kubadilisha bei ya mafuta yako asubuhi bila kugusa lebo hata moja, na ndiyo maana namba isiyoingizwa kwenye kompyuta ya duka hilo haina maana yoyote pale, hata kama imechapwa vizuri namna gani.

Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha namba ilitolewa na tawi la nchi gani la GS1, shirika linalosimamia mfumo huu duniani. Tanzania ni 620, Kenya ni 616, Afrika Kusini ni 600 na 601, Oman ni 607. Kwa muda mrefu Tanzania haikuwa na tawi lake, na wenye viwanda wetu walikuwa wakiomba namba nje ya nchi. Asali au chai iliyotoka kwenye ardhi yetu ilifika rafuni ikiwa na namba ya kigeni. GS1 Tanzania ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2010, na tangu hapo namba zinazoanza na 620 zinatolewa hapa hapa nyumbani.

Ila kuna kosa linalosikika sana mitaani, nalo ni kudhani kwamba 620 maana yake bidhaa imetengenezwa Tanzania. Maana yake ni kwamba kampuni iliyoomba namba ilijisajili Tanzania. Kampuni hiyo inaweza kuagiza mafuta ya mawese kutoka Malaysia, ikayafungasha na kuyapa namba ya 620. Vivyo hivyo, namba ya kigeni si ushahidi kwamba mzigo umetoka nje. Mteja anayetaka kujua mafuta yamekamuliwa wapi asome maandishi ya lebo, na mkamuaji wa Unyambwa anayejivunia alizeti yake aandike kwa herufi zinazosomeka kwamba imelimwa na kukamuliwa Singida. Mistari haitamsemea.

Kosa la pili ni zito zaidi: kuchukulia barkodi kuwa cheti cha ubora. Cheti cha ubora ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo pia linalosajili vyakula na majengo yake, kazi iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Ujazo halisi wa chupa unaangaliwa na Wakala wa Vipimo. Mafuta mabaya yanaweza kuwa na barkodi nzuri kabisa, na mafuta safi yanaweza kukosa. Kwa hiyo mjasiriamali akiwa na fedha za kushughulikia jambo moja tu mwezi huu, ushauri wangu ni ashughulikie usafi wa jengo, maabara na alama ya TBS kwanza. Duka kubwa litaihitaji barkodi, lakini ubora wa mafuta ndio unaomrudisha mteja.

Tarakimu ya mwisho, ile ya 13, ina kazi yake ya pekee: ni ya ukaguzi. Inazaliwa na zile 12 zilizotangulia, na unaweza kuipata kwa kalamu na karatasi. Tuchukue namba ya kujifunzia tu, 620123456789. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo: 6, 0, 2, 4, 6 na 8, unapata 26. Kisha jumlisha zile za nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea: 2, 1, 3, 5, 7 na 9, unapata 27. Hii ya pili zidisha kwa 3, inakuwa 81. Jumla ya zote mbili ni 107. Kutoka 107 kufikia kumi inayofuata, yaani 110, pamebaki 3. Basi tarakimu ya ukaguzi ni 3, na namba kamili ni 6201234567893. Skana hufanya hesabu hii kila inaposoma, na jibu lisipolingana inakataa. Nimeieleza kwa urefu kwa sababu ina faida ya moja kwa moja kwako: mchapaji akikuletea sampuli ya lebo, dakika mbili za hesabu zitakuonyesha kama alikosea tarakimu alipokuwa akiichapa.

Mfumo huu haukuanzia kwenye maduka makubwa ya leo. Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, walipata hataza ya wazo la mistari mwaka 1952, lakini bidhaa ya kwanza kusomwa kaunta kwa alama ya kisasa ilikuwa pakiti ya bigijii ya Juicy Fruit, tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio. Miaka mitatu baadaye Ulaya ikaunda chama chake, na ndicho kilichokuja kukua kuwa GS1 yenye matawi katika nchi zaidi ya 110.

Sasa tuje kwenye namba yenyewe, maana hapa ndipo fedha zinapopotea. Kuna watu wanaouza namba kwenye mitandao, moja moja, bei poa, wanakutumia picha ya mistari kwa WhatsApp na kukuambia kazi imekwisha. Nyingi ya namba hizo zilitolewa zamani kwa kampuni nyingine kabisa, huko Marekani au kwingineko, na jina lililosajiliwa bado ni la kampuni hiyo. Kuna pia wachapaji wa lebo ambao, kwa nia njema au kwa uvivu, wanachukua picha ya barkodi kutoka kwenye chupa ya mtu mwingine na kuibandika kwenye yako ili lebo "ipendeze". Matokeo yake utayaona kaunta. Chupa yako inapita, skrini inaandika jina la sabuni ya kufulia au maji ya kunywa, foleni inasimama, keshia anamwita msimamizi. Meneja akishaona hivyo mara moja, katoni zako zinarudi stoo, na kumshawishi upya si kazi ndogo.

Kabla ya kulipia namba yoyote, au kama tayari unayo na huna hakika nayo, iingize kwenye huduma ya GS1 ya kuhakiki namba iitwayo Verified by GS1, iliyo wazi kwenye tovuti yao. Itakuonyesha namba imesajiliwa kwa jina la nani. Jina likiwa si lako wala la kikundi chako, hiyo namba si yako, hata kama risiti ya malipo unayo mkononi.

Njia iliyonyooka ni kuomba kwa GS1 Tanzania kwa jina la biashara yako. Kikundi kiwe kimesajiliwa, maana namba inafungwa kwenye jina la mwenye biashara, na kikundi kisicho na karatasi kitaishia kuiandikisha namba kwa jina la mwenyekiti. Nimewasihi kina mama wengi juu ya hili: mwenyekiti akihama, akigombana na wenzake au akifariki, namba za bidhaa zenu zinabaki kwa ndugu zake. Ofisi ya SIDO ya mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa shirika hilo limekuwa likiwashika mkono wenye viwanda vidogo tangu 1973, na maofisa wake wanajua barua zipi zinahitajika wapi. Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: ada ya kujiunga ni kiasi gani, ada ya kila mwaka ni kiasi gani, na kwa fedha hiyo unapata namba ngapi. Mwenye bidhaa nne hahitaji uwezo wa namba elfu moja.

Na unahitaji ngapi hasa? Watu wengi hudhani bidhaa moja ni namba moja. Sivyo. Chupa ya nusu lita ina namba yake, ya lita moja yake, dumu la lita tano lake, la lita ishirini lake. Mafuta yaliyosafishwa na yale ya kukamuliwa tu, kama unauza yote mawili, kila moja lina namba zake. Ukibadilisha ujazo, tuseme kutoka lita moja kwenda mililita 900, unahitaji namba mpya. Ukibadilisha bei, huhitaji. Ukibadilisha kidogo picha ya ua la alizeti kwenye lebo, huhitaji. Na namba ya bidhaa uliyoacha kuitengeneza usiipe bidhaa nyingine, kwa sababu kuna duka mahali fulani ambalo bado lina jina la zamani kwenye kompyuta yake.

Kwa ajili ya hayo, nunua daftari la jalada gumu leo hii. Lisiwe la mapato wala la mahudhurio ya kikundi, liwe la namba peke yake. Kila mstari uandike namba kamili, jina la bidhaa, ujazo, tarehe ilipoanza kutumika, na mchapaji aliyechapa lebo. Likae kwa katibu, na nakala yake ipigwe picha ikae kwenye simu za watu wawili. Siku duka la Arusha litakapouliza namba ya dumu la lita tano, hutakimbia stoo kutafuta dumu lenye lebo nzima.

Namba ukiwa nayo, kazi inahamia kwa mchapaji, na hapa naomba usimwachie yeye kila kitu. Ukubwa wa kawaida wa EAN-13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, ikiwa ni pamoja na tarakimu za chini na weupe wa pembeni. Inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani karibu milimita 30 kwa 21, na kukuzwa hadi mara mbili. Chini ya hapo skana inaanza kusumbua. Wachapaji hupenda kuibana ili picha ipate nafasi, au kuikata kwa urefu mpaka ibaki ukanda mwembamba. Kataa. Kama chombo chako ni kidogo kweli, mfano kikopo cha mafuta ya midomo ya nta ya nyuki, ipo EAN-8 yenye tarakimu nane, ambayo inaombwa maalumu kwa vifungashio vidogo.

Weupe wa kushoto na kulia wa mistari ni sehemu ya barkodi. Skana inautegemea kujua mistari inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa ukubwa wa kawaida acha si chini ya milimita 3.63 upande wa kushoto na 2.31 upande wa kulia, bila maandishi, bila mpaka wa rangi, bila jani la alizeti lililochungulia ndani.

Rangi nazo zina siri yake. Skana nyingi za kaunta hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo kitu chekundu kinaonekana cheupe. Lebo za alizeti hupenda njano na nyekundu, na mara nyingi mchoraji huona mistari myekundu juu ya njano inavutia. Jicho lako litaiona vizuri, skana haitaona kitu. Mistari myeusi juu ya weupe haijawahi kumwangusha mtu. Na kwenye chupa inayoonyesha ndani, usichape mistari juu ya plastiki tupu, weka kwanza kisanduku cheupe chini yake.

Halafu kuna upinde wa chupa. Kwenye dumu la lita tano lenye ubavu ulionyooka hakuna shida, bandika popote palipo bapa. Kwenye chupa nyembamba ya nusu lita, mistari iliyosimama inazunguka na upinde, na ile ya pembeni inajificha. Igeuze barkodi robo mzunguko, ili mistari ilale sambamba na kitako cha chupa. Hapo mwanga wa skana unapita kutoka juu kwenda chini, mahali ambapo chupa haipindi, na mistari yote inaonekana. Usiiweke kwenye mshono wa plastiki, usiiweke kwenye mkunjo wa lebo, na usiiweke jirani na kifuniko ambako mafuta huchuruzika. Lebo ya karatasi ya kawaida ikiloa mafuta inakuwa angavu na wino unafifia, kwa hiyo omba stika yenye utando wa plastiki juu yake, hata kama inaongeza shilingi kadhaa kwa kila moja.

Usichape lebo elfu tano kwa mara ya kwanza. Chapa chache, zibandike kwenye chupa zilizojaa, zipake mafuta kidogo kwa kidole kama zitakavyopakwa stoo, kisha uzipeleke kwenye duka lenye skana na uombe zipitishwe. Kupima kwa simu hakutoshi. Kamera ya simu hupiga picha nzima na kuvumilia makosa mengi ambayo skana ya kaunta haitayavumilia.

Keshia tumemaliza naye, sasa mtunza ghala. Yeye hafungui katoni kuhesabu chupa. Anataka alama ya nje ya boksi. Iliyozoeleka ni ITF-14, yenye tarakimu 14 na fremu nene nyeusi kuizunguka, ambayo iliundwa ivumilie kuchapwa juu ya karatasi ngumu ya boksi. Inatokana na namba ile ile ya chupa, ila inaongezewa tarakimu mwanzoni na kupigiwa upya hesabu ya ukaguzi, ili katoni ya chupa 12 isichanganywe na chupa moja. Iliyo kubwa zaidi yake ni GS1-128, ambayo inaweza kubeba namba ya bidhaa pamoja na namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiona chini ya mistari kuna mabano yenye 01, 17 au 10, ndiyo hiyo: 01 ni bidhaa, 17 ni tarehe ya kuisha muda, 10 ni toleo. Mkamuaji mdogo haihitaji mwanzoni. Atakayeihitaji ni yule anayeanza kupeleka kwa wasambazaji wakubwa au nje ya mipaka, na wao wenyewe watamwambia.

Kwa kazi za ndani usimlipe mtu hata senti. Ukitaka kujua dumu hili limetoka kwenye magunia ya mkulima gani na lilikamuliwa siku gani, unaweza kujitungia namba zako na kuzigeuza mistari ya aina ya Code 128 au Code 39 kwa programu za bure. Code 39 ni ya zamani na inachukua nafasi kubwa, Code 128 hubana zaidi, na zote mbili hupokea herufi na tarakimu. Hazitambuliki nje ya ghala lako, na hazihitaji kutambulika. Maduka nayo yana zao: ukinunua nyama, jibini au njugu zilizopimwa pale pale dukani, stika ya mizani huanza na tarakimu kati ya 20 na 29, na hiyo ni barkodi ya kaunta ambayo mara nyingi hubeba uzito au bei ndani yake. Duka jingine haliwezi kuisoma kwa maana ile ile. Vitabu navyo vina njia yao. Barkodi ya kitabu huanza na 978 au 979, na ukiona 9789976 au 9789987 ujue mchapishaji ni wa Tanzania.

Tunafika kwenye zile za miraba. Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave ya Japani, na timu iliyoongozwa na Masahiro Hara, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Mistari ya kawaida hubeba habari kwa upana tu, huu hubeba kwa upana na kwa kimo, ndiyo maana unaweza kuingiza hadi tarakimu 7,089. Una pia sifa ambayo mtu wa mafuta ataipenda: ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kujirekebisha, unasomeka hata kama karibu asilimia 30 yake imechafuka au kuchanika.

Msomaji wa QR ni mteja mwenye simu, kwa hiyo jiulize unataka kumwambia nini. Wengi huweka tovuti ambayo hawana uwezo wa kuitunza. Kumbuka pia kwamba huduma nyingi zinazojiita za bure hutengeneza msimbo unaopitia kwenye mtambo wao kwanza, na muda wa majaribio ukiisha, msimbo uliouchapa kwenye lebo elfu mbili unakufa. Chagua ule usiobadilika, ambao anwani au maneno yamo ndani yake moja kwa moja. Msimbo wa QR unaweza hata kubeba maandishi matupu yasiyohitaji bando: jina la kikundi, kata ya Unyambwa, Singida, mwezi wa kukamua, namba ya simu ya oda. Kwa mteja wa Tabora au Manyoni asiye na salio, huo ni bora kuliko tovuti nzuri isiyofunguka. Na usiuondoe ule wa mistari kwa kudhani QR imechukua nafasi yake. GS1 inalenga kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kaunta duniani ziweze kusoma misimbo ya miraba sambamba na mistari, lakini duka unalouzia leo huenda bado lina skana ya zamani.

Mwenye duka anayesoma hapa na anayetaka kununua skana yake ya kwanza achukue lake. Skana ya leza ni rahisi kwa bei, lakini haisomi QR, na kwenye kioo cha simu inasumbua. Ile ya kamera inasoma yote. Tofauti ya bei italipwa na miaka utakayoitumia.

Katika familia hiyo ya miraba yumo pia DataMatrix, kimraba kidogo cha nukta utakachokiona kwenye boksi nyingi za dawa. Hubeba namba ya dawa, toleo na tarehe ya kuisha muda, na msomaji wake ni mfamasia. Wewe mgonjwa endelea kusoma tarehe iliyochapwa kwa macho.

Kuna misimbo mingine ambayo mkulima na mnunuzi wa Unyambwa hukutana nayo bila kuiomba, na kuijua ni kinga. Tangu Januari 2019 Mamlaka ya Mapato, TRA, imekuwa ikiweka stempu za kielektroniki, kwanza kwenye sigara, mvinyo, bia na pombe kali, baadaye kwenye soda, maji na juisi. Programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu humwezesha mtu wa kawaida kuzisoma na kuona kama ni halali. Risiti ya mashine ya EFD nayo ina msimbo wa QR: ukiusoma unafunguka ukurasa wa TRA unaoonyesha duka, tarehe na kiasi. Ukinunua mashine ya kukamulia au vipuri vyake, fanya hivyo ungali dukani, maana risiti ndiyo ushahidi wako siku mashine itakapokataa kuwaka.

Mbegu ina utaratibu mwingine. Pakiti ya mbegu ya alizeti iliyothibitishwa huwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ambayo unaikwangua na kuhakiki namba yake kwa simu. Ifanye kabla mvua haijaanza, wakati bado unaweza kumrudishia muuzaji, kwa sababu mbegu feki utaigundua shambani wakati msimu umeshapita.

Na kwenye malipo, Benki Kuu imeweka kiwango cha taifa cha QR kiitwacho TANQR, ili mteja wa mtandao au benki yoyote aweze kumlipa mwenye duka kwa msimbo mmoja. Kama umebandika msimbo wako wa malipo kwenye meza ya biashara, uangalie kila asubuhi. Mhalifu anachohitaji ni stika yake moja iliyobandikwa juu ya yako. Mteja naye asome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa si la mwenye duka, aulize kwanza: "Samahani mama, hili jina ni la kwako?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Nimalizie na siku ya kwanza ya kupeleka mzigo. Usimtume dereva wa bodaboda na katoni ukabaki nyumbani. Nenda mwenyewe na daftari lako la namba. Kaa na mtu wa kompyuta wa duka, msomee namba ya kila ujazo, uone akiiandika pamoja na jina sahihi na bei mliyokubaliana. Kisha chukua chupa moja ya kila aina, umwombe keshia aipitishe kaunta mbele yako, usome kinachotokea kwenye skrini. Nusu lita ikitokea kama lita moja, sahihisheni hapo hapo, kabla chupa hazijapangwa rafuni.